Siku Susu Alipombariki Koplo

Sisi tuliokulia upande wa Yatta miaka ya tisini, polisi kwetu alikuwa mtu wa kukwepwa. Ukimwona barabarani unavuka upande wa pili hata kama huna kosa, halafu ukishavuka unajiuliza umevukia nini. Tulijua kumwogopa, na tulijua kumwamkia kwa sauti ndogo macho yakiwa chini. Wakubwa wetu walijua pia kumpoza asije akawasumbua. Namna ya kumshukuru polisi hakuna aliyetufundisha. Nyumbani kwetu tulijaribu mara moja tu, na yaliyotupata baadaye ni makosa yangu mimi, si ya polisi.

Ulikuwa mwaka wa ile mvua kubwa iliyobeba madaraja. Mama alishikwa na uchungu asubuhi, na kufikia saa nne mkunga alitoka chumbani akifuta mikono, akamwambia baba kwamba mtoto amekaa vibaya na yeye hawezi tena. Barabara ya kwenda Katangi ilikuwa tope tupu, siku ya tatu hakuna gari lililopita. Gari pekee lililoweza kupita popote lilikuwa Land Rover ya kituo cha polisi, kituo ambacho sitakitaja jina. Baba alikimbia huko bila viatu.

Mkuu wa kituo wa wakati huo hakuwepo. Aliyekuwepo ni koplo aliyeendesha lile gari, mwanamume mrefu mwenye maneno machache, Mkamba mwenzetu wa upande wa Kitui. Alikuwa ametumwa Kithimani kuchukua mizigo ya kituo. Alimsikiliza baba, akatazama mvua, kisha akaja kwetu. Alimbeba mama mwenyewe mikononi, akamlaza nyuma juu ya magunia, na badala ya Kithimani akaendesha mpaka hospitali ya Machakos. Daktari alimwambia baba kwamba wangechelewa kidogo angepokea maiti mbili. Mama alipona, na ndugu yangu akazaliwa akipiga kelele.

Koplo alirudi kituoni magharibi, gari limejaa matope. Siku hizo palikuwa na amri kali kwamba raia asipande gari la polisi, na dereva mmoja wa kituo jirani alikuwa amefutwa kazi kwa sababu hiyo. Basi koplo akaandika kwenye kitabu cha safari za gari kwamba alikwama njiani kutwa nzima. Siku chache baadaye alimpata baba sokoni, akamwambia, “Mzee, hiyo safari haikuwa. Mkinisema, sina kazi. Niko na watoto wanne.” Baba akaapa.

Mtu ambaye hakuapa ni susu. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba, aliyeishi nasi boma moja. Alikuwa mwembamba, mkavu, na hakuwa na subira na upuuzi. Aliuza mbaazi soko la Katangi tangu kabla sijazaliwa. Wanawake walimwita kwenye posa na kwenye ugomvi wa mashamba, na bibi harusi hakutoka kwao kabla susu hajambariki. Baba alipomweleza kwamba koplo hataki kusemwa, susu alikataa.

“Mimi sishukuru mtu kwa kujificha,” akasema, “kama vile nimemwibia kitu.”

Lazima nieleze baraka zetu zilivyo, maana bila hizo hamtanielewa. Kwetu mtu akiokoa nyumba yako, mkubwa wa nyumba hiyo anamwendea na mbuzi, na mbele ya watu anamtemea mate kidogo viganjani na kifuani akimwombea kwa Mungu. Susu alishikilia kwamba mate yenyewe lazima yawe ya asubuhi, kabla hujala wala kunywa chochote. Si kumtemea mtu mate. Ni kumpa kitu kilichotoka ndani yako, na aliyepewa hajifuti. Sisi watoto tulitemewa tulipoenda kufanya mtihani, na tulienda vifua mbele.

Susu alisubiri mtoto aanze kukaa. Ikafika Agosti, shule zimefungwa, mimi nikiwa kidato cha pili. Baba alikuwa kazini Athi River na angerudi mwisho wa mwezi. Asubuhi moja nikamkuta susu amejifunga leso mpya, amemshika mbuzi kwa kamba. Mama, mtoto akiwa mgongoni, alinivuta pembeni.

“Huwezi kumzuia huyu,” akaninong'oneza. “Nenda naye. Mkifika, muite koplo nyuma ya kituo, polepole. Usimwache susu aongee mbele ya watu.”

Nilitumwa pia kwa sababu ya Kiswahili. Sote tuliamini Kiswahili cha susu ni cha sokoni tu, cha bei na cha kupima kwa kikombe.

Tulifika saa mbili. Hatukujua kwamba kituo kilikuwa na mkuu mpya, ana wiki tatu tu tangu aletwe, mtu wa kutoka mbali asiyejua neno moja la Kikamba. Hatukujua pia kwamba alikuwa ameanzisha gwaride kila asubuhi. Polisi wanane walikuwa wamesimama mstari mmoja mbele ya mawe yaliyopakwa chokaa, na mkuu anawapitia mmoja mmoja, anakagua vifungo na viatu. Koplo wetu alikuwa wa tano. Nikasema moyoni, tungoje wamalize. Nilipogeuka kumwambia susu, hakuwa pembeni yangu.

Alikuwa ameshayavuka mawe, mbuzi nyuma yake. Alimpita mkuu wa kituo kana kwamba ni kigingi cha kufungia ng'ombe. Akasimama mbele ya koplo, akamshika mikono iliyokuwa imebanwa mapajani, akaifungua viganja, akatema kidogo, thu, thu. Kisha akajiinua kwa vidole vya miguu na kumtemea kifuani, juu ya shati lililopigwa pasi likanyooka. “Ngai akuathime, mwana wakwa,” akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mungu akubariki, mwanangu.

Koplo hakusogea. Alisimama wima, macho mbele, kama walivyofunzwa, na mate yaking'aa kwenye kifungo cha pili. Mbuzi naye akaona huo ndio wakati wa kukojolea mawe meupe.

“Nani huyu?” mkuu akafoka. “Anatemea polisi mate kwa gwaride? Mshike huyo mama! Na hiyo mbuzi!”

Nilijaribu kusema. Nilisema “afande” kama mara sita, na baada ya hapo neno la pili likakataa kutoka. Askari wawili walimshika susu mabega. Mimi nilimng'ang'ania mkono, kwa hiyo tulipelekwa pamoja mpaka kwenye seli. Walitutoa viatu, wakatuachia kimoja kimoja, wakamvua susu kitambaa cha kichwa. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake wazi. Nywele zilikuwa chache na nyeupe, na nilijikuta naangalia ukuta.

Ile seli ilikuwa na upana wa kitanda na urefu wa vitanda viwili. Ndoo kwenye kona, sakafu baridi yenye unyevu, na juu kabisa tundu la ukubwa wa tofali linaloingiza mwanga. Mlango wa chuma ulipofungwa nilisikia masikio yakiziba. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, hakuna mahali pa kusimama palipokuwa tofauti na pengine. Nje nilimsikia mbuzi wetu akilia, amefungwa kama kizibiti. Susu alikaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, akauliza kwa utulivu wake wote:

“Huyo mkubwa wao hana nyanya?”

Alikuwa hajala kitu tangu jana jioni, kwa ajili ya yale mate.

Karibu saa sita koplo alikuja na kikombe cha maji. Alipiga goti nje ya mlango, akampitishia susu kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa wako. Susu akanywa. Nilimwangalia yule mtu kupitia vyuma vya mlango na nikamwonea huruma, nikamchukia, yote kwa pamoja.

“Mkubwa anataka kujua mbuzi ni ya nini,” akaninong'oneza kwa Kikamba. “Ameniuliza kama nimewahi kuwafanyia kitu. Nimesema siwajui.”

“Si umwambie tu? Mama alikuwa anakufa!”

“Kubeba mama labda angenisamehe. Lakini niliandika uongo kwenye kitabu cha serikali. Ataenda kwa kile kitabu leo leo.” Akafuta uso kwa kiganja. “Sikukatazi. Kama hakuna njia nyingine, sema.”

Akaondoka. Hakusema nitafute njia gani, na mimi nilikuwa na miaka kumi na sita.

Nilikaa na hayo mpaka saa nane, nikiyageuza. Nikisema tumekuja kushukuru, nitaulizwa tunashukuru nini, na yule aliyemwokoa mama anapoteza kazi kwa mdomo wangu. Nikisema hatumjui, basi mbuzi ni hongo na mate ni kumshambulia afisa wa polisi, na susu anapelekwa mahakamani Machakos, kichwa wazi, bila kitu tumboni. Kila mlango niliousukuma ulikuwa na mtu nyuma yake. Machozi yalinitoka. Susu alidhani ni njaa, akanipapasa mgongo.

Walitutoa saa nane na nusu, wakatusimamisha kwenye ofisi ya ripoti. Mkuu wa kituo alikuwa ameketi upande wa pili wa kaunta na kitabu kikubwa mbele yake. Koplo alisimama mlangoni. Kwa karibu yule mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichanganya. Alikuwa na macho ya kuchoka na sauti iliyokuwa imeshashuka.

“Msichana, uko na Kiswahili?”

“Niko nacho, afande.”

“Mimi nililetwa hapa kusafisha hii station. Mbuzi hailetwi polisi bure. Muulize huyu mama, huyu koplo alimfanyia nini? Kama hakumfanyia kitu, basi hiyo mbuzi ni ya kununua nini?”

Nikamuuliza susu. Naye akaniambia, kwa Kikamba chake kizuri cha kwenye posa, maneno ambayo hadi leo naweza kuyasema yote. Mwambie, alisema, kwamba huyu kijana alibeba nyumba yangu mikononi siku ambayo hata Mungu alikuwa ameijaza njia maji. Mwambie kwamba mke wa mwanangu anapika leo, na mjukuu wangu anakaa bila kushikwa. Mwambie kwamba mtu wa namna hii hashukuriwi nyuma ya choo. Anashukuriwa mbele ya wakubwa wake, ili wajue wana mtu gani. Alisema yote amemtazama mkuu usoni.

Koplo alikuwa amefumba macho.

“Anasema nini?” mkuu akauliza.

Nikamgeukia mkuu. “Afande, hajui anachosema. Akili ilimtoka tangu babu afe. Anazunguka tu na mbuzi, na akiona mtu wa uniform anamtemea mate. Sisi humfungia nyumbani. Leo nilimwachilia mimi.”

Nilishangaa yalivyotoka laini. Hata sikukwama.

Mkuu aliniangalia, akamwangalia susu, nywele zile chache, mguu mmoja bila kiatu. Nikaona uso wake ukibadilika, ukilegea. Alifunga kitabu. “Na mbona hukusema tangu asubuhi?” akasema, tena bila ukali. “Hata mimi niko na mama.” Akazunguka kaunta, akamvutia susu kiti, akainama mbele yake na kumwambia kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: “Pole, mama. Umekula? Utaenda nyumbani, sawa?” Kisha akamgeukia koplo. “Lete gari. Uwapeleke mpaka mlangoni. Na uandike kwa kitabu, kubeba mgonjwa.”

Mama yangu alikuwa amebebwa kwa wizi. Kwa ajili ya wazimu nilioubuni dakika ile, gari lilitolewa na kuandikwa.

Susu alisimama. Alichukua kitambaa chake juu ya kaunta, akakifunga taratibu, akavaa kiatu. Halafu akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, ambacho sikuwahi kumsikia nacho, “Asante, afande. Nitatembea.”

Niligeuka kumtazama. Mkuu alitabasamu na kumpigapiga bega, akidhani ni neno alilookota mahali. Mimi ndiye niliyejua. Mwanamke aliyeuza mbaazi sokoni miaka thelathini, kwa Waswahili wa dukani, kwa madereva, kwa kila mtu. Alikuwa ameelewa kila kitu.

Hatukungoja gari, tulitembea na mbuzi wetu mpaka tukaacha majengo nyuma. Nilikuwa nikilia bila sauti. “Susu, ulinisikia,” nikasema.

“Nilikusikia.”

“Mbona hukunikana?”

“Ningekukana, yule kijana angelala wapi leo?” Alienda hatua kadhaa. “Umenitoa. Lakini mule ndani, mwana wakwa, nilikuwa na akili zangu.”

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu yote, na kwamba imeishia njiani. Kumbe hata haikuwa imeanza.

Siku ya soko iliyofuata mkuu wa kituo alipita Katangi akamwona susu nyuma ya gunia lake, anabishana na mteja juu ya kipimo. Akasimama. Uso wake ulianza kukunjamana, ule uso wa mtu anayekumbuka kitu ambacho hakikukaa sawa. Susu alimwona. Akaacha neno katikati, akalegeza mdomo, akachukua mbaazi kiganjani na kuanza kuzidondosha chini moja moja. Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma. “Mama, umekula leo?” akamuuliza, kwa ile sauti ya kufundisha kuhesabu, na soko zima likageuka.

Ikawa hivyo kila wiki. Yule mtu alikuwa mwema, sitamsingizia. Alimwamkia kila alipopita, aliwafukuza watoto waliomchokoza, aliwaambia askari wake wamheshimu yule mama mgonjwa. Sijawahi kuona raia aliyeheshimiwa na polisi namna ile. Na kila mara susu alilazimika kuwa mwendawazimu, maana siku ambayo angejibu kama mtu mzima, mkuu angekumbuka mbuzi na kurudi kwenye kitabu. Wateja walihamia kwa wengine. Posa ya kwanza ikapita bila kuitwa, tukasema wamesahau. Ya pili tukanyamaza. Bibi harusi mmoja wa jirani alibarikiwa na mama mwingine, na susu alisikia vigelegele akiwa jikoni kwetu. Baba alitaka kwenda kuwaeleza majirani ukweli, lakini ukweli ukishafika sokoni hauchukui siku mbili kufika kituoni. Tukafunga midomo.

Koplo alikuja mara moja, Jumapili, bila sare. Alimpakata ndugu yangu, hakula. Alipoinuka kwenda, susu alimpeleka nyuma ya ghala, mahali ambapo hata sisi hatukuona, akambariki huko. Aliporudi alipitia mbele yangu bila kuniangalia. Nilijua alichokuwa amekiacha kule nyuma, na nilijua nani alimlazimisha.

Miaka miwili na ushei ilipita. Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo, siku niliyoona lori limepakia viti na kitanda cha mkuu wa kituo, yeye mwenyewe ameketi mbele, anapungia watu. Amehamishwa. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikamkuta susu amekaa uani anamenya mbaazi kwenye ungo. Nilipiga magoti mbele yake.

“Susu, yule mkubwa ameondoka! Nimemwona na vitu vyake vyote. Imekwisha. Sasa unaweza kuacha.”

Aliendelea kumenya mpaka ganda likaisha mkononi. Nje ya ua watoto watatu walikuwa wanapita kwenda kuteka maji, na mmoja akaita jina la wazimu walilompa susu, wenzake wakacheka na kukimbia. Susu alingoja wafike mbali.

“Nikianza leo kuongea vizuri,” akaniambia, “watasema ndio nimezidi.”